Kuingia si Kukubaliwa: Uhakiki wa Istilahi za Kupandisha Uwezo wa Kompyuta za Zamani

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya kukuza na kusanifisha istilahi imehesabiwa kuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Matunda ya juhudi hizo yanaonekana. Leo hakuna anayeshangaa kusikia habari za rubani wa ndege, ingawa zamani rubani alikuwa mtu wa baharini. Wala habari za usukani wa gari, ingawa usukani nao asili yake ni chomboni. Neno ngeli lilichukuliwa kutoka Kihaya likaingia katika sarufi, na sasa mwanafunzi wa shule ya msingi analitamka bila kuuliza lilikotoka.

Fani ya kompyuta haikubahatika hivyo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, katika miaka ile ambayo istilahi za siasa, utawala na isimu zilikuwa zikiundwa na kujaribiwa mara moja na watumiaji wake, kompyuta haikuwa na watumiaji wa kutosha wa kuzijaribu istilahi zake. Mashine zilipokuja kwa wingi, zilikuja na maneno yake mkononi. Ni kweli kwamba mwaka 2004 juhudi zilizoshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizaa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na hapo tukaona kwamba faili, dirisha na menyu vinaweza kuzungumza lugha yetu. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya programu. Vyuma na saketi zilizo ndani ya sanduku zimeachiwa mafundi.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zitumikazo katika kazi moja tu ya ufundi: kuiwezesha kompyuta ya zamani kupokea kichakataji kipya zaidi. Nimechagua kazi hii kwa sababu inapima uwezo wa istilahi zetu kuliko kazi nyingi nyingine. Hoja yangu ni kwamba orodha zetu zinataja vitu bila kutaja uhusiano wa vitu hivyo. Tena kitenzi kimoja, kuboresha, kimebebeshwa mzigo wa vitenzi vinne.

Kisa kilichonifundisha

Nilipokuwa bado mgeni kazini, shule moja ya sekondari katika Nyanda za Juu Kusini iliniomba niiandikie kwa Kiswahili maelezo ya kazi iliyotaka kuwapa mafundi. Ilikuwa na kompyuta 16 za mezani, zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Nami, kwa kujiamini kwa mhitimu wa chuo kikuu, nikaandika kwamba kazi itakuwa "kuboresha kompyuta 16 kwa kuziwekea prosesa zenye kasi zaidi."

Fundi alikuja, akasafisha mavumbi, akaondoa prosesa za Pentium 4 za gigahezi 2.8 na kuweka Pentium 4 nyingine za gigahezi 3.2. Akadai malipo yake. Mwalimu aliyehusika alilalamika kwamba mashine bado zinajikokota kama mwanzo. Alichotaka yeye ni prosesa za Core 2 Duo, ambazo bodi mama za mashine zile zilikuwa na uwezo wa kuzipokea. Barua yangu ikaletwa mezani, ikasomwa neno kwa neno. Je, kompyuta zimeboreshwa? Zimeboreshwa. Je, prosesa mpya zina kasi zaidi? Zinayo, maana 3.2 ni zaidi ya 2.8. Fundi hakumdanganya mtu, wala mwalimu hakuwa na makosa katika alichokihitaji. Kosa lilikuwa langu, na fedha zilizopotea zilikuwa za wazazi.

Tangu mwaka 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, makosa ya namna hiyo yana uzito zaidi. Neno lililolegea katika mkataba halibaki kuwa aibu ya mfasiri peke yake.

Kazi yenyewe ilivyo

Hatuwezi kuhakiki istilahi bila kuifahamu kazi. Bodi mama ndiyo kitako cha kompyuta: juu yake vimepangwa kichakataji, kumbukumbu na njia zote za mawasiliano. Kichakataji hukaa katika soketi yake. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa soketi iitwayo LGA 775, yenye ncha 775 za kugusana na kichakataji. Soketi hiyo ilipokea Pentium 4, na mwaka 2006 ikapokea pia Core 2 Duo. Kwa macho, vichakataji hivyo viwili vinakaa mahali pamoja na kufungwa kwa kishikizo kimoja. Mtu atasema basi kila bodi mama yenye soketi hiyo itakubali kila kimojawapo. La, hasha.

Yapo mambo matatu zaidi ya soketi. La kwanza ni umeme: sehemu ya bodi mama inayodhibiti volti lazima iweze kutoa volti zile hasa ambazo kichakataji kipya kinaziomba. Ajabu ni kwamba Core 2 Duo nyingi zilihitaji umeme mdogo kuliko Pentium 4. Aina moja mashuhuri ya gigahezi 2.4 ilikadiriwa wati 65, ilhali Pentium 4 ya gigahezi 3.2 ya soketi hiyo ilikadiriwa wati 84. Hata hivyo bodi nyingi za mwanzo ziliikataa, maana tatizo si wingi wa umeme bali usahihi wa volti. La pili ni chipseti, yaani chipu zinazoongoza mawasiliano kati ya kichakataji na sehemu nyingine. Bodi zenye chipseti ya 915 ya mwaka 2004 hazikukusudiwa kupokea Core 2 Duo. Katika zile za 945 zilizofuata, baadhi zilikubali na baadhi zilikataa. La tatu ni bayosi, ile programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya bodi mama, ambayo huamka kabla ya programu nyingine zote. Isipokitambua kichakataji, mashine haiamki.

Haya si mambo ya kale tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inataka vichakataji ambavyo kwa Intel huanzia, isipokuwa vichache, kizazi cha nane cha mwaka 2017. Ofisi nyingi zina mashine za kizazi cha sita na cha saba. Soketi ya vizazi hivyo inaitwa LGA 1151. Na soketi ya kizazi cha nane nayo inaitwa LGA 1151. Jina ni moja na idadi ya ncha ni moja, lakini kichakataji cha kizazi cha nane kikiwekwa katika bodi ya kizazi cha saba, mashine haitafanya kazi. Afisa ugavi atakayeandika "nunua prosesa ya LGA 1151" atakuwa ametumia jina sahihi na kununua kitu kisichofaa.

Majina ya sehemu

Nianze na majina, kwa kuwa hapo ndipo mijadala yetu hupenda kukaa.

(a) Bodi mama. Yameandikwa majina kadhaa: ubao mama, bodi mama, bodi kuu, na mafundi wanasema mazabodi. Wapo wanaolipinga neno mama kwa kuwa ni tafsiri ya moja kwa moja. Sioni nguvu ya pingamizi hilo, kwani tunasema sheria mama na kampuni mama, na kila mtu anaelewa kwamba ni ile inayobeba nyingine. Tatizo liko katika neno linalotangulia. Ubao una wingi wake, nao ni mbao. Ukiandika "mbao mama 10" ukapeleka barua Iringa, katika mkoa wenye misitu ya Sao Hill kule Mufindi, usishangae ukiulizwa kama unataka za msonobari au za mkaratusi. Neno bodi nalo lina kazi nyingine, kwa wakurugenzi na kwa malori. Lakini halibadiliki katika wingi, na linakaribiana na lile la mafundi kiasi kwamba fundi akilisoma analitambua papo hapo. Nashauri bodi mama.

(b) Kichakataji. Hapa tunakuta kichakato, kichakata na kichakataji, na sokoni prosesa. Kitenzi kuchakata kimechaguliwa vizuri: ni neno la kazi, la mkonge na la magogo, lenye maana ya kukitoa kitu katika hali ghafi na kukifanya kifae. Lakini kichakato ni jina baya. Tunalo tayari jina mchakato kwa maana ya mfululizo wa hatua. Msomaji akikuta kichakato atadhani ni mchakato mdogo, kama kijito kilivyo mto mdogo. Kichakata nacho kinangoja yambwa, kama kipaza kinavyongoja sauti na kipima kinavyongoja joto. Kinachosimama peke yake ni kichakataji. Prosesa ibaki katika mazungumzo, na hata katika maandishi isihesabiwe kosa. Injini, gia, klachi na breki zilikuja hivyo hivyo na hazikutudhuru.

(c) Soketi. Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa umeme wa ukutani. Inatosha kusema soketi ya kichakataji. Kubuni neno jingine ni kuongeza mzigo bila faida.

Kitenzi kuboresha

Majina hayo, hata yakikosewa, hayaleti hasara kubwa, kwani fundi ataonyesha kitu kwa kidole. Kitenzi hakionyeshwi kwa kidole. Tazama sentensi hii, ambayo nimekutana na za aina yake mara nyingi katika tafsiri za miongozo: "Boresha bayosi kabla ya kuboresha prosesa ili kuboresha kompyuta." Vitenzi vitatu kwa sura, na kimoja kwa sauti. Msomaji anaambiwa aboreshe kabla ya kuboresha ili aboreshe. Kumbe kila kimoja ni kitendo tofauti, chenye zana zake na hatari zake.

Kitendo cha kwanza ni kuileta programu katika hali ya sasa. Tunalo neno kusasisha, ambalo limeundwa kwa sasa na linajieleza. Bayosi husasishwa. Tena husasishwa wakati kichakataji cha zamani kingali mahali pake, maana kipya kikitangulia mashine haitaamka, na isiyoamka haisasishwi kwa njia ya kawaida. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi mama inaweza isiamke tena. Mkataba unaosema "kuboresha" hauelezi nani atabeba hasara hiyo. Unaosema "kusasisha bayosi" unampa mwenye mashine nafasi ya kuuliza.

Kitendo cha pili ni kubadilisha: kuondoa kitu na kuweka kingine cha daraja lile lile. Alichofanya fundi wa kisa changu ni kubadilisha, au kuzidi hapo kidogo tu.

Kitendo cha tatu ni kuongeza, kama tunapoongeza kumbukumbu.

Kitendo cha nne ndicho tulichokosa kukitaja: kuondoa kichakataji na kuweka kingine cha kizazi cha juu zaidi. Kwa hiki napendekeza kupandisha daraja. Watumishi wa umma hawahitaji kufundishwa maana yake. Wanajua kwamba mtu hapandi daraja kwa bidii yake tu. Sharti nafasi iwepo katika ikama na mshahara wake uwe umetengwa. Bodi mama nayo ina ikama yake, yaani orodha ya vichakataji inavyovikubali, ambayo mtengenezaji huitangaza. Ikama hiyo huweza kupanuliwa: mwaka 2022 kampuni ya AMD iliruhusu baadhi ya bodi za mwaka 2017 zenye soketi ya AM4 zipokee, baada ya bayosi kusasishwa, vichakataji vya Ryzen 5000 vilivyotoka mwaka 2020. Na yapo mahali ambapo hakuna kupanda daraja kabisa. Kompyuta mpakato nyingi za leo zina vichakataji vilivyochomelewa katika bodi, na hapo fundi mwaminifu atamwambia mteja aongeze kumbukumbu au abadilishe diski.

Kasi na uwezo

Neno la pili lililonisaliti katika ile barua ni kasi. Gigahezi ni idadi ya mapigo kwa sekunde, katika mabilioni. Haisemi ni kazi kiasi gani inatendwa katika kila pigo. Core 2 Duo ya gigahezi 2.4 ina viini viwili na hutenda kazi zaidi kwa kila pigo, hivyo huishinda kwa mbali Pentium 4 ya 3.2. Mtu wa jembe hatahitaji maelezo marefu: anayelima haraka kwa jembe dogo anaweza kuachwa nyuma na wawili wanaolima polepole kwa majembe mapana. Basi kasi ibaki kuwa kasi ya mapigo, na tunapokusudia kazi inayotendwa tuseme uwezo. Na maelezo ya zabuni yataje kizazi na jina la kichakataji, kamwe yasitaje kasi peke yake.

Tuliyoyasahau kwa mafundi

Katika safari zangu za Mbeya na Iringa nilipata kukaa na mafundi, Mwanjelwa na Miyomboni, nikisikiliza jinsi wanavyoieleza kazi hii. Niliwakuta na tofauti ambayo orodha zetu, zikiwemo zile nilizoshiriki kuziandaa, hazinayo. Kwetu sisi kuna neno moja la uhusiano: upatanifu. Kitu ama ni patanifu ama si patanifu. Fundi ana maneno matatu. Husema prosesa inaingia, kwa maana ya kwamba imekaa vizuri katika soketi. Husema bodi inaikubali, kwa maana ya kwamba umeme na chipseti vinairuhusu. Husema mashine inaisoma, kwa maana ya kwamba bayosi imeitambua. Na sentensi aliyonitajia mmoja wao ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa ofisi zetu: "Inaingia, lakini haisomi."

Ndani ya sentensi hiyo mna maarifa yote niliyoyaeleza hapo juu kwa aya mbili. Sisi tuliokwenda chuo tuliunda jina dhahania moja, tukaziba tofauti ambazo watu wa kazi walikuwa wamekwisha kuzipambanua kwa maneno ya kawaida kabisa. Sisemi upatanifu ufutwe. Ni neno zuri la jumla. Nasema lisitumike pale ambapo kuingia, kukubali na kusoma ndizo habari zenyewe.

Pingamizi

Huenda msomaji akasema: mafundi wanaelewana, basi kwa nini tujisumbue? Jibu ni kwamba wanaelewana wao kwa wao, wakiwa na mashine mbele yao. Mkuu wa shule, mhasibu, mkaguzi na hakimu hawana mashine mbele yao, wana karatasi. Mwingine atasema tuchukue tu kitenzi cha Kiingereza tukitie kiambishi, kama wasemavyo vijana. Mimi si adui wa kukopa, na nimekwisha kuitetea prosesa. Lakini kitenzi hicho huko kwao nacho hubeba programu, vipuri na mashine nzima kwa pamoja. Tukikikopa, tutakopa na utata wake.

Mapendekezo na hitimisho

Kwa muhtasari, nashauri wafasiri, walimu na watumishi wayafikirie haya: kuboresha kuwe neno la jumla, lisisimame peke yake katika mkataba wala mwongozo, kusasisha kuwe kwa programu, ikiwemo bayosi, kubadilisha kuwe kwa kitu na mfano wake, kuongeza kuwe kwa kilichozidishwa, kupandisha daraja kuwe kwa kichakataji cha kizazi cha juu. Kasi itengwe na uwezo. Na kabla ya orodha yoyote ya istilahi za ufundi kupitishwa, isomwe mbele ya mafundi walio kazini, wa Mbeya, wa Iringa na wa kwingineko, waulizwe maswali mawili: kitu hiki mnakiitaje, na kikikataa mnasemaje. Swali la pili ndilo tulilozoea kulisahau.

Kama ningeulizwa leo, ile barua ya shule ningeiandika hivi: "Bayosi za kompyuta 16 zisasishwe, kisha vichakataji vya Pentium 4 vipandishwe daraja kuwa Core 2 Duo, kutoka katika orodha inayokubaliwa na bodi mama, kazi ikabidhiwe baada ya kila mashine kukisoma kichakataji chake." Si sentensi fupi, lakini mwalimu na fundi wangeisoma kwa maana moja. Ninawaachia wasomaji waipime, na wenye maneno bora zaidi wayatoe.